Ufunguo Ndani ya Pipa

Kuna kisa kifupi ndani ya Don Quixote, riwaya ya Mhispania Miguel de Cervantes, katika sehemu yake ya pili iliyochapwa mwaka 1615. Sancho Panza, yule mtumishi mwenye maneno mengi, amekaa usiku msituni na mtumishi mwenzake, wanapokezana kiriba cha mvinyo. Sancho akionja tu anataja mji mvinyo ulikotoka. Mwenzake anashangaa. Sancho anajigamba kwamba kipaji hicho ni cha ukoo. Eti upande wa baba yake walikuwapo jamaa wawili, waonjaji hodari kuliko wote katika nchi ya La Mancha. Siku moja wakaitwa waonje mvinyo wa pipa fulani. Wa kwanza akaugusa kwa ncha ya ulimi, wa pili akaunusa tu. Yule wa kwanza akasema mvinyo una ladha ya chuma. Wa pili akasema yeye anasikia zaidi ngozi. Mwenye pipa akakana: pipa langu safi, na mvinyo wangu haukutiwa kitu. Jamaa wakashikilia neno lao. Siku zikapita, mvinyo ukauzwa, na pipa lilipokuja kusafishwa, ndani yake kukakutwa ufunguo mdogo uliofungwa kwa ugwe wa ngozi.

Mwaka 1757 mwanafalsafa Mskoti David Hume alikichukua kisa hiki akakitia katika insha yake juu ya kipimo cha ladha. Alipokisimulia upya aliongeza jambo ambalo Sancho hakulitaja: kicheko. Kwa Hume, wale jamaa wawili walichekwa sana kwa hukumu yao, mpaka pipa lilipomwagwa. Nami naona Hume alifanya vema kuongeza kicheko hicho, maana bila kicheko hakuna swali la maadili hapo, kuna chemshabongo tu. Swali lenyewe ni hili: mtu anaposema "hiki ni kizuri" au "hiki kina kasoro", anasema jambo ambalo linaweza kuwa kweli au uongo? Au anatoa tu habari za ulimi wake, kama mtu anayesema leo najisikia uchovu?

Ndugu msomaji usiyegusa kileo, usifunge ukurasa. Mvinyo hapa ni mfano tu, na nimeuchagua kwa sababu hakuna kitu duniani ambacho watu wamekizungushia maneno, vyeo na woga kama mvinyo. Tukiweza kupata ukweli humo, tutaupata popote.

Nichukue mvinyo mwekundu wa Rioja, kaskazini mwa Hispania, bonde la mto Ebro. Kwa kawaida huwa ni mchanganyiko wa zabibu za aina kadhaa. Kubwa lao ni Tempranillo, ambayo jina lake limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya "mapema", kwa kuwa huwahi kuiva. Hiyo ndiyo inayoubeba mvinyo. Garnacha huongeza ukali wa kileo na ladha ya matunda, Graciano huongeza harufu na uchachu, Mazuelo nayo uchachu na ukakasi. Kisha mchanganyiko hulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni yenye ujazo wa lita 225. Ule ulioandikwa Crianza huwa umekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati yake ndani ya pipa. Reserva ni miaka mitatu, na usiopungua mmoja ni wa pipa. Gran Reserva ni miaka mitano, angalau miwili ndani ya pipa.

Pipa si chombo cha kuhifadhia tu. Seremala wa mapipa huzichoma mbao zake kwa ndani, na moto huo huuvunjavunja mwaloni na kutoa kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Katika Rioja wamezoea kutumia mwaloni wa Marekani, ambao una kwa wingi kemikali nyingine inayonuka nazi. Hewa kidogo hupenya mbao, na pole pole ule ukakasi wa mvinyo mchanga hupungua. Ukakasi tunaujua. Aliyewahi kung'ata bibo au ndizi mbichi anajua mdomo unavyokauka ghafla, ulimi ukawa kama umefutwa kwa kitambaa. Wataalamu wanakiita kitu kinachosababisha hali hiyo tanini, na kipo pia katika chai ya rangi iliyokolea.

Sasa nieleze nilikojifunza haya, maana msomaji atajiuliza mtu wa kidato cha nne ameyatoa wapi. Nilihudumia mezani katika hoteli moja ya watalii huku mwambao. Siku moja tulikusanywa, wahudumu na watu wa jikoni, tufundishwe mvinyo ili tuweze kuwashauri wageni. Mwalimu wetu alikuwa kijana nadhifu. Alifungua chupa ya Rioja Reserva ambayo bei yake ilitosha kulipia kodi ya chumba changu kwa mwezi mzima, akatumiminia kila mmoja vidole viwili. Kabla hatujanusa akasema: "Mtasikia cheri, vanila na ngozi." Tukanusa. Akauliza mnasikia nini. Tukaitikia kama darasa la kwanza: cheri, vanila, ngozi! Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amewahi kula cheri mbichi.

Mama mmoja wa jikoni, mtu wa Tanga, yeye alikuwa bado ameinamia glasi. Wakati sisi tumeshanyamaza akasema taratibu, "Mbona mie nasikia nazi? Kama nazi iliyokaangwa ikaanza kuungua." Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamwambia, "Mama, hii ni waini, siyo wali!" Yule mama hakukasirika wala hakujitetea. Alisema tu, "Nimesema kilichonifikia puani, mwanangu," akaweka glasi chini, akarudi jikoni kwenye kazi zake.

Miaka kadhaa baadaye ndipo niliposoma habari za mwaloni wa Marekani na ile kemikali yake. Nazi ilikuwamo. Katika chumba kile chenye watu zaidi ya kumi, aliyesema alichokisikia alikuwa mmoja, na ndiye aliyechekwa.

Hapa mtu wa kwanza atanirukia na kusema: unaona sasa! Habari za mvinyo ni ulaghai mtupu, watu wanakariri maneno. Na ana ushahidi. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio lililowahusu wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo wa Chuo Kikuu cha Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe, kisha wakawapa mvinyo mweupe uleule uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wale wakaueleza ule uliotiwa rangi kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Pua zilifuata macho. Na mwaka 2008 watafiti wa California waliwaonjesha watu 20 mvinyo huku wakiwapima ubongo. Mvinyo mmoja uleule uliletwa mara mbili, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Ulipotajwa kuwa wa dola 90 waliupenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikachangamka zaidi.

Jaribio hili la pili ndilo lililoninyima usingizi. Watu wale hawakuwa wanafiki. Mnafiki anajua moyoni kwamba kitu hakimpendezi, akasema kinampendeza. Hawa raha yao ilikuwa ya kweli, ilionekana hadi kwenye mashine. Bei iliingia ndani ya ulimi wenyewe. Sisi tumezoea kudhani kwamba ukiwa mkweli wa nafsi, yaani ukisema unachokihisi, umeshamaliza wajibu wako. Kumbe hisia zenyewe zaweza kuwa zimehongwa bila mwenye nazo kujua! Basi ukweli wa nafsi hautoshi. Mtu anatakiwa pia ailinde hisia yake isipokee rushwa. Ndiyo maana waonjaji makini huifunika chupa kwa kitambaa, lebo isionekane. Watu huliona jambo hilo kama mchezo wa matajiri. Mimi naliona ni tendo la uadilifu, sawa na msahihishaji wa mitihani anayepewa karatasi zenye namba badala ya majina.

Lakini je, majaribio hayo yanathibitisha kwamba ladha haina ukweli? La hasha. Msafiri akidanganywa na mazigazi jangwani, hatusemi kwamba duniani hakuna maji. Tunajua kwamba amedanganyika kwa sababu tunajua maji ni nini. Vivyo hivyo, wale wanafunzi wa Bordeaux tunasema walikosea kwa kuwa ndani ya glasi kulikuwa na mvinyo mweupe. Pasingekuwa na ukweli, pasingekuwa na kukosea. Anayesema "kila mtu na ladha yake" huku akiwacheka waliokosea, anajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto.

Mtu wa pili naye ananingoja. Yeye anasema: sawa, ukweli upo, lakini waachieni wajuzi. Wenye vyeti ndio wapime, sisi wengine tusikilize. Mwalimu wetu alikuwa wa kundi hili. Hume naye alisogea karibu na hapo, maana alisema kipimo ni hukumu ya waamuzi wa kweli, na mwamuzi wa kweli awe na mambo matano: hisia makini, mazoezi, kulinganisha vitu vingi, kutopendelea, na akili timamu. Tazama orodha hiyo vizuri. Hakuna cheti ndani yake, wala ukoo, wala tai shingoni. Hapo Hume ananipa moyo. Lakini mazoezi na kulinganisha vina gharama. Ili ulinganishe Rioja kumi inabidi mtu azinunue Rioja kumi. Yule mama wa jikoni alionja moja, tena kwa kukusanywa. Kwa hiyo mlango ambao Hume ameuacha wazi, mfuko unaufunga.

Naam, unaufunga, lakini si wote. Kwa miaka yote yule mama alikuwa amefanya mazoezi na kulinganisha, ila kwa vitu vingine. Alijua nazi changa, nazi koroma, nazi iliyokuna maji, tui la kwanza na tui la pili, nazi iliyokaangwa na ile iliyopitiliza. Pua yake ilikuwa imesoma, ingawa hakuna aliyeipa shahada. Sisi wahudumu tulikuwa na maneno ya mvinyo bila harufu zake, yeye alikuwa na harufu bila maneno ya mvinyo. Kati ya umaskini huo wa aina mbili, wa kwetu ulikuwa mbaya zaidi.

Kuna pingamizi la tatu, na hili nalikubali kwa sehemu. Ladha haimo ndani ya mvinyo peke yake. Iangalie habari ya chakula. Katika Rioja kwenyewe hupenda kuunywa mvinyo huu na mbavu ndogo za mwanakondoo zilizochomwa juu ya moto wa matawi makavu ya mizabibu. Sababu yake haina uchawi. Tanini hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na huo ndio ukakasi. Nyama inapokuwapo, protini na mafuta yake huingilia kati, tanini ikapata cha kushika, mdomo ukabaki laini. Chumvi nayo hupunguza uchungu. Ndivyo maziwa yanavyoituliza chai ya rangi. Msomaji wa huku ambaye ameshamfikiria mbuzi wa kuchoma hajakosea hata kidogo.

Mpe sasa mvinyo huohuo mtu anayekula samaki mwenye mafuta. Mdomoni hubaki shombo na ladha ya bati. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walieleza sababu: ni madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu, kwa kiasi kinachotofautiana kutoka chupa hadi chupa, yanayokutana na mafuta ya vyakula vya baharini na kuzusha shombo. Tena chuma! Jamaa wa Sancho wangefurahi. Mvinyo ni uleule, lakini mbele ya mwanakondoo ni muungwana, mbele ya samaki ni mgomvi.

Basi mvinyo huo ni mzuri au mbaya? Jibu langu ni kwamba swali lina kasoro. Uzuri wake umo katika kukutana: zabibu, pipa, sahani, na mdomo wa mtu. Lakini angalieni, kukutana nako ni jambo la kweli. Anayesema Rioja ya mwaloni inaelewana na mwanakondoo kuliko na samaki amesema jambo linaloweza kujaribiwa meza kwa meza. Kwamba ladha inategemea mambo mengi hakuifanyi iwe chochote mtu apendacho. Urefu wa kivuli unategemea jua na mahali uliposimama, hata hivyo ukiwa na futi utaupima.

Wahenga wetu waliyajua haya kabla ya Hume, tena kwa kileo. Walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tunaitumia kumwonya mgema asivimbe kichwa. Mimi leo nawageukia wasifiaji. Mgema alitia maji kwa sababu alijua hakuna atakayeonja tena kwa makini: sifa zilikwisha kutolewa, jina limekwisha kukaa. Sifa isiyopimwa humharibu msifiwa, na pia humwibia yule mgema mwingine wa kijiji cha pili, ambaye tembo lake halina maji lakini hana jina.

Hata mvinyo wa mwaloni una mtihani huo. Tangu mwaka 2006 sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kutia vipande vya mwaloni ndani ya mvinyo ili upate harufu ya mbao bila pipa wala miaka ya kungoja. Je, huo ni uongo? Harufu ya vanila iliyomo ni ya kweli, pua haijadanganywa. Uongo unaanza pale mtu anapouza harufu hiyo kama ushahidi wa subira ambayo haikuwapo. Kwa hiyo muonjaji mwadilifu ana maswali mawili, na asiyachanganye: kuna nini hapa, na kimefikaje hapa? La kwanza huulizwa ulimi. La pili ulimi pekee hauliwezi, inabidi mtu aulize, achunguze, asome.

Nimeandika haya yote kwa sababu mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na ninyi mnaosoma gazeti hili wengi wenu mna miswada chini ya godoro kama mimi. Ladha ndiyo mahakama yetu. Kama hakuna ukweli katika ladha, basi anayeukataa mswada wangu na anayeukubali wote wamepiga kelele tu, na hakuna sababu ya mimi kuuandika upya mara ya tano usiku kwa taa ya chemli. Na kama ukweli upo lakini ni mali ya wenye vyeti, basi mimi wa kidato cha nne nikae kimya. Yote mawili nayakataa. Lakini kuyakataa kunanidai. Kunanidai nisome shairi la rafiki yangu kana kwamba limefunikwa jina, na kitabu cha mwandishi mashuhuri vivyo hivyo. Kunanidai niseme "nazi" pale chumba kizima kinaposema "vanila", ikiwa nazi ndiyo iliyonifikia. Tena kunanidai nirudie kunusa, maana vanila nayo ilikuwamo. Yule mama alikuwa sahihi, na mwalimu hakuwa mwongo. Kosa la chumba kile lilikuwa kucheka kabla ya kunusa mara ya pili.

Tumewahi kukaa vikao vya kusomeana kazi ambamo mtu akisoma, wote tunamtazama mmoja tunayemwogopa tuone atakunja uso au atatabasamu. Hapo tunaonja bei, hatuonji mvinyo. Nyumba njema si mlango, lakini sisi tunaishia kibarazani.

Jambo la mwisho, na hili Hume hakulikazia. Jamaa wa Sancho walibahatika: pipa lilimwagwa, ufunguo ukaonekana, waliocheka wakanyamaza. Mapipa mengi ya dunia hii hayamwagwi. Mvinyo hunywewa mpaka tone la mwisho, pipa likapasuliwa kuni, na ufunguo ukapotelea kwenye majivu. Yule mama hakuna aliyerudi jikoni kumwambia kwamba alisema kweli, hata mimi nilipokuja kujua alikuwa ameshaacha kazi. Lakini mwonjaji wa kwanza alikuwa amesema kweli tangu alipougusa mvinyo kwa ncha ya ulimi, wakati ufunguo bado umezama gizani na hakuna aliyejua. Ugunduzi haukuiongezea hukumu yake kitu. Uliwaongezea wale waliocheka.

Anayetaka kuonja, au kuandika, akubali kwanza kwamba huenda pipa lake halitamwagwa. Kisha anuse, anuse tena, aseme.